Jirani Aliyenusa Magitaa

Pale mtaani Buhembe walimjua kama mwenye viti. Ukiwa na harusi, msiba au kipaimara, ulikwenda kwake akakukodishia viti vya plastiki na turubai. Kabla hujaaga, alikuuliza swali ambalo halikuhusu viti hata kidogo:

"Nani anapiga muziki?"

Ukimtajia jina la bendi, alifumba macho kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wa ndugu yake. Kisha akasema, "Basi viti vyangu vipange mbali na spika. Visije vikasikia."

Mimi nilimwita Jirani, na yeye akaniita Jirani, ingawa kwa umri angeweza kunizaa na kunisomesha. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili ng'ambo ya migomba yake, nikifanya kazi katika duka la dawa mjini Bukoba. Asubuhi nilipopita mbele ya ua wake nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Na masikio yameamkaje?" Mwanzoni nilidhani ananitania kwa kuwa nauza dawa. Baadaye niligundua kwamba kila mtu aliulizwa hivyo hivyo, hata mjumbe wa mtaa, hata mtoto anayepeleka maziwa. Kwake, mtu aliyeamka na masikio mazima alikuwa hana jambo la kulalamikia.

Zamani alikuwa mpiga gitaa la solo. Hilo halikuwa siri, maana alilisema mwenyewe mara nyingi na kwa sauti. Bendi yao ilizunguka Kagera nzima ikipiga kwenye harusi na sikukuu, na kwa maelezo yake hakuna bibi harusi wa miaka ile ambaye hakulia alipoingia na solo. Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliwahi kuniambia kwamba yeye mwenyewe siku ya harusi yake hakulia. "Nilikuwa na njaa," alisema. "Walipiga mpaka pilau likapoa."

Kipaji alichojivunia kuliko vyote kilikuwa pua. Akiletewa gitaa, na vijana walimletea sana, hakuligusa. Alimwambia mwenye nalo alishike vizuri, kisha akainama, mikono nyuma, akanusa shingo ya gitaa toka juu mpaka chini. Alimalizia pale waya unapochomekwa. Alisimama, akatafakari, akatoa hukumu.

"Hili limelelewa baa."

Au, "Hili mwenyewe wa kwanza alikuwa mgomvi."

Mara nyingi alikosea. Kuna kijana mmoja, karani, alileta gitaa lake akaambiwa limelala nyumba moja na mbuzi. Kijana akaapa kwamba hawajawahi kufuga mbuzi kwao, na gitaa amelitoa dukani, bado liko kwenye boksi lake. Jirani hakutikisika. "Basi kamuulize mwenye duka," alisema, "mbuzi amewaweka wapi." Hakuna aliyepata kumwona akiona haya kwa kukosea. Alikosea kwa uhakika ule ule aliopatia.

Katika mambo mengine yote alikuwa mtu wa vitu vya zamani. Redio yake ilikuwa ya mbao. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, ingawa umeme ulikuwemo nyumbani. Friji lao lilitoka kwenye nyumba ya mapadri, limetumika mpaka mlango wake ukawa unafungwa kwa kamba, na alilisifu kana kwamba amelizaa. Lile tetemeko la ardhi la Kagera lilipopita na kupasua ukuta wa sebule, fundi alimshauri aubomoe ajenge mwingine. Alikataa, akasema ukuta uliosimama katika tetemeko umeshafaulu mtihani, mpya bado haujafanya. Mkewe alisikiliza haya yote akichambua mchicha. "Kitu cha zamani anachokilalamikia humu ndani," alisema, "ni mimi tu."

Lakini ukimwuliza gitaa lipi la kununua, mtu huyu huyu alibadilika.

"Jipya," alisema haraka. "Gitaa nunua jipya. La zamani lina mambo ya watu ndani yake."

"Na lililotumika kidogo?"

"Hilo ni la zamani ambalo halijazeeka. Jipya."

Vijana wakanunua mapya kwa ushauri wake, wakamletea kwa furaha, naye akayanusa na kusema, "Plastiki." Walimlaumu sana. Alisema yeye aliulizwa la kununua, hakuulizwa la kusifu.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake bila kuandikishwa. Ijumaa alikwenda msikitini, kofia safi, hilo halikumpita. Jumapili alikuja kusimama nje ya uzio wa parokia yetu wakati kwaya inaimba. Ukimwuliza anafanya nini pale, alijibu kwamba amekuja kutazama viti vyake, hata Jumapili ambazo kanisa halikukodi kiti hata kimoja. Nilikuwa nikiipigia kwaya gitaa kavu, lile la mbao tupu lisilotumia umeme, nililojifunza nyumbani Kishanda, upande wa Muleba, kwa marehemu baba aliyekuwa akipigia jumuiya. Jioni ya Jumapili, nikifua, kichwa chake kilitokea kati ya migomba.

"Jirani. Leo kwenye wimbo wa matoleo ulikimbia. Nani alikuwa anakufukuza?"

Basi ndipo masomo yalipoanza. Hakuwa na gitaa, au tuseme nilidhani analo mahali, chini ya kitanda labda, kama watu wote walivyodhani. Alinifundisha kwa mdomo, akiimba solo kwa "ti-ri-ri-ri" na kugonga mapigo mgongoni mwa kiti cha plastiki. Kunionyesha vidole vikae wapi, alichukua mpini wa jembe akaushika kama shingo ya gitaa. Vidole vyake vilitembea juu ya mpini ule kwa namna iliyonifanya nisahau kwamba ni mpini. Mama mmoja alipita na kikapu cha ndizi, akatusimamia, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, hilo jembe mnaliombea?" Jirani akamjibu kwamba hili jembe likikolea, mwaka huu hatulimi, tunacheza.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Parokia ilijengewa kanisa jipya, kubwa, na askofu akatangaza siku ya kuja kulitabaruku, yaani kuliweka wakfu. Gitaa langu kavu halingesikika hata benchi la tatu. Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu mstaafu mwenye roho nzuri na maneno mabaya, alisema tununue gitaa la umeme, na waumini wakachanga. Kisha akaongeza kwamba atatafuta kijana wa bendi ya mjini aje apige siku hiyo.

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe utaimba. Sauti ya pili tumepungukiwa. Solo ya umeme, dada yangu, ni kazi ya wanaume."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekueleza basi linaondoka saa ngapi. Hilo ndilo lililoniuma. Wanakwaya wakaguna, sauti ya kwanza wakagoma kuendelea na mazoezi, na baada ya mabishano marefu ikakubaliwa: nikachague gitaa mimi mwenyewe, nililete mazoezini, nilipige mbele ya wote. Nikishindwa, kijana wa bendi anaitwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaingia ndani akatoka amevaa viatu vya kutokea.

"Twende tukanuse," alisema.

Tulianza na jipya. Katika duka la vyombo vya muziki pale mjini lilining'inia gitaa jekundu, linang'aa, bado limevaa karatasi yake ya nailoni. Binti muuzaji alilitoa kwa mikono miwili kama anakabidhi mtoto mchanga. Jirani akanusa.

"Linanuka duka," alisema. "Safi. Halina ubaya na mtu."

Nililipiga. Kila uzi ulisema neno lake wazi wazi, bila kosa, kama mtu aliye kwenye usaili wa kazi. Lakini nyuzi zilikaa juu sana, mbali na shingo, na kabla sijamaliza ubeti vidole vilikuwa vinawaka moto. Halafu zikaanza kulegea. Nikazikaza, zikalegea tena. Binti akasema ni kawaida, nyuzi mpya hunyooka.

"Hata mimi nilipokuwa mpya nilikuwa nalegea," Jirani akamwambia. Kisha akanigeukia. "Chukua hili."

Nikasema kwanza nione mengine. Alinitazama kama niliyekataa posa nzuri.

La pili lilikuwa la mpiga muziki wa hoteli aliyekuwa anahamia Mwanza. Lilikuwa la rangi ya kahawia, mgongo umechunwa na mkanda wa suruali, na kitufe kimoja cha sauti kilipotea, mahali pake pamebandikwa kifuniko cha dawa ya meno. Jirani aliinama akanusa, akainuka upesi.

"Baa," alisema. "Baa mbili."

"Tatu, mzee," mwenye gitaa akamsahihisha kwa heshima.

Nililiweka mapajani. Sikuwa na la kufikiri. Shingo yake nyembamba iliingia kiganjani kama mkono wa mtu tuliyezoeana, na vidole vikaenda vyenyewe nilikotaka na hata nilikokuwa sijui kama nataka. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini chini. Mwenye gitaa akatikisa kichwa, akatabasamu. Jirani peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Hili limezoea kuombwa nyimbo na walevi," aliniambia tulipotoka. "Utalisimamishaje mbele ya askofu? Litajisahau. Nenda kachukue jekundu."

Wakati tunabishana hivyo, mwenyekiti alileta habari ya la tatu. Kuna mzee Muleba, alisema, anauza gitaa la umeme la zamani kabisa, la enzi za bendi zenyewe, zito, halisi, la mbao ya kweli. Mwenyekiti huyu aliyetaka kunipokonya solo sasa macho yalimng'aa kama mtoto. Alikuwa amecheza dansi kwa gitaa hilo katika ujana wake. Kama ni hilo, alisema, hata askofu mwenyewe atatikisa bega.

Nilimkuta Jirani anapanga viti vilivyorudi kutoka msibani. Nikamweleza. Hakugeuka. Aliendelea kupanga, kiti juu ya kiti, mpaka mnara ukazidi kimo chake na kuanza kuinama.

"La Muleba ni bovu," alisema.

"Umewahi kuliona?"

"Sina haja ya kuliona."

"Hujalinusa hata."

"Nimelinusa toka hapa."

Mkewe alikuwa amekaa mlangoni akichagua mchele. "Mwambie," alisema taratibu, "au nimwambie mimi."

Jirani akasema muda wa sala umefika, akaingia ndani. Muda wa sala ulikuwa bado sana. Mkewe akanitazama, akainua mabega, akarudi kwenye mchele wake. Hakuniambia, na mimi sikuuliza tena.

Jumamosi niliondoka kwenda Muleba. Nilipoingia kwenye basi, kiti cha mbele kilikaliwa na kanzu nyeupe niliyoifahamu. Jirani alikuwa anatazama nje ya dirisha kwa bidii.

"Nawe unakwenda Muleba?" nilimwuliza.

"Kuna viti vinauzwa kule," alisema. "Nakwenda kuvitazama."

Njia nzima hakutaja muziki, na mimi nilikuwa sijawahi kukaa naye nusu saa bila muziki kutajwa. Tuliposhuka, sikuwa na haja ya kuuliza njia. Alitangulia mbele yangu nyuma ya soko, akakata kushoto kwenye mibuni, akasimama kwenye ua ambapo kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya mkeka. Mzee mmoja mwembamba alikuwa anaigeuza kwa mguu. Aliinua macho. Walitazamana kwa muda mrefu, huku mwenyeji akiendelea kugeuza kahawa bila kuiangalia.

"Umechelewa," mzee yule alisema.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakimbia," Jirani akajibu.

Nilidhani wanasalimiana kwa mzaha. Kumbe walikuwa wanaendelea na ugomvi pale pale walipouachia. Mzee yule ndiye aliyekuwa mpiga ridhim wa bendi, gitaa la pili, lile linalobeba wimbo wakati solo inatamba. Kwenye harusi moja, wakiwa vijana wenye nywele nyeusi, wimbo uliwaharibikia katikati. Mmoja alisema mwenzake amekimbia, mwingine akasema mwenzake amechelewa. Jirani aliweka gitaa lake juu ya kiti, mbele ya maharusi, wimbo haujaisha, akatoka. Hakurudi kulichukua. Bendi ilikufa baada ya hapo. Na toka siku ile hawakusemezana, hawakutembeleana, na Jirani alikuwa akipita Muleba amegeuza uso upande wa pili wa barabara.

Mwenyeji alinieleza haya mbele ya Jirani mwenyewe, kwa utulivu, huku mke wake mwenyeji akitukaribisha kwa akamwani, zile buni za kuchemsha tunazotafuna kwetu mgeni akifika. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu kilichoviringishwa katika kitenge.

Gitaa lilikuwa la rangi ya asali iliyoungua. Nyuzi zake zilikuwa mpya. Kwa miaka yote ile mtu huyu alikuwa akilinunulia nyuzi gitaa asilolipiga.

Nilimtazama Jirani. Nilingoja ainame anuse. Hakunusa. Alisimama tu, mikono nyuma, na nikaona mikono ile imeshikana sana.

"Unaliuza kweli?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya kukodisha viti.

"Siuzi," mwenyeji akasema. "Nalo si langu, nitaliuzaje? Nilitangaza tu. Nilijua maneno yatatembea mpaka Buhembe, na wewe ukisikia linauzwa utakuja kupigana."

"Na mimi?" nikasema. "Nimekula nauli ya kwaya mpaka hapa!"

"Wewe, mwanangu, umefanya kazi nzuri," alinijibu. "Kasinge sana, ahsante. Kula ndizi."

Jirani alikaa. Akalipokea gitaa, na ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumwona ameshika hata moja. Mwenyeji akalichomeka kwenye spika ndogo, yeye akachukua gitaa kavu lililotundikwa ukutani. Noti za kwanza za Jirani zilikuwa mbaya. Nasema kweli, zilikuwa mbaya hata mimi nikaona aibu nikatazama kahawa. Vidole vilivyotembea vizuri juu ya mpini wa jembe viligoma juu ya nyuzi. Alisimama, akatema buni, akaanza tena. Mara ya tatu wimbo ukajiinua kidogo, ukapepesuka, ukashika njia. Ridhim ya mwenzake ikauingia kwa chini, nyepesi, na pale uani Muleba kuku wakihangaika na mama mwenye nyumba akiwa amesimama na sinia mkononi, nilielewa kwamba wale maharusi wa zamani labda kweli walilia.

"Unakimbia!" Jirani alisema bila kuacha.

"Unachelewa!" mwenzake akajibu, bila kuacha vile vile.

Walipiga mpaka kivuli kikavuka mkeka. Kisha Jirani alinyanyuka, akaja, akaniwekea gitaa mapajani.

"Chukua," alisema. "Ni lako. Mpigie askofu. Sitaki kitu."

Hapo nilipata shida kubwa kuliko ya mwenyekiti. Gitaa lilikuwa na sauti ambayo sijapata kuisikia tena, nene na tamu. Lakini lilikuwa zito kama mtungi wa maji, bega langu lilianza kuuma nikiwa nimekaa. Shingo yake ilikuwa pana, imepinda kidogo kwa uzee, na kidole changu kidogo hakikufika uzi wa juu. Nilijaribu mara kadhaa. Wazee wawili walinitazama kama watu wanaosubiri mtoto atembee. Kukubali kulikuwa rahisi sana. Ningelibeba, ningemfurahisha, na siku ya askofu ningeshindwa mbele ya watu.

"Baba," nilisema, na sikuwahi kumwita hivyo, "silichukui."

"Kwa nini?"

"Ni zuri kuliko yote. Lakini ni zito, na mkono wangu haulifikii. Nikilipiga, watu wataona gitaa lako, hawatanisikia mimi."

Nilifikiri nimemvunja moyo mbele ya mwenzake, siku ile ile aliyopatana naye. Uso wake ulikunjamana, ukawa kama utasema kitu kikali. Aliyetuokoa ni mpiga ridhim, aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Hatimaye!" alisema. "Mtu mmoja amemkatalia! Bendi nzima tuliogopa kumwambia hilo gitaa ni zito!"

"Lilikuwa zito siku zile pia?" Jirani aliuliza kwa mshangao wa kweli.

"Ulikuwa unachelewa kwa sababu gani, unadhani?"

Jirani alilitazama gitaa, akamtazama mwenzake. Halafu naye akacheka, kicheko kilichoanza tumboni na kumtikisa kanzu yote.

"Basi lipi?" aliniuliza akijifuta macho. "Jekundu?"

"La baa."

"La baa mbili."

"Tatu," nikasema.

Nililileta mazoezini wiki hiyo. Mwenyekiti alilitazama, akatazama kifuniko cha dawa ya meno, akavuta pumzi, na mimi nikaanza kabla hajaitoa. Tulipofika kiitikio cha pili alikuwa anapiga makofi, na tulipomaliza aliuliza sauti ya pili itajazwa na nani sasa. Kijana wa bendi hakuitwa. Siku ya kutabaruku nilisimama mbele ya kanisa lililojaa mpaka nje, na gitaa lile halikujisahau hata kidogo, ingawa nakiri kwamba kwenye wimbo wa shukrani lilikwaruza kwa furaha ambayo haikuwa ya kanisani kabisa. Askofu hakutikisa bega. Alitikisa kidole kimoja juu ya fimbo yake, na wanakwaya wote waliona. Mwenyekiti hadi leo huwaambia watu kwamba gitaa alilichagua yeye.

Jirani alikuwepo uani mwa kanisa, kati ya viti vyake, maana safari hii kweli walivikodi. Nilimfuata baada ya misa, jasho likinitoka.

"Vipi, mzee?"

Alifikiri sana. "Viti vimekaa vizuri," alisema.

Gitaa la rangi ya asali hakulileta Buhembe. Alitoa sababu nyingi: unyevu, wezi, ukuta uliopasuka. Kila juma alivaa kanzu akapanda basi kwenda Muleba kutazama viti, na mkewe alinikonyeza nikipita. Vijana waliendelea kumletea magitaa ayanuse, na aliendelea kukosea. Ila nilimsikia akimwambia mmoja, "Lishike kwanza. Likikukataa, utajua." Kijana akamwuliza basi anunue jipya au la zamani. "Hilo umwulize mwenye vidole," alisema, "mimi ni mwenye pua."

Miaka ikaenda. Mimi niliolewa, nikarudi upande wa nyumbani, nikafungua duka langu la dawa Muleba mjini. Wale wazee niliwasikia mara moja moja wakipiga nyuma ya soko, kisha shughuli za watoto zikanizidi, nikapotezana nao. Nilisikia tu kwamba Jirani masikio yamemsaliti. Habari hiyo ilinichoma kuliko kama ningeambiwa anaumwa moyo.

Juzi juzi, msimu wa senene, nilikwenda Bukoba kuchukua dawa za duka. Nikapita mbele ya lile duka la vyombo vya muziki na kuona viatu vyake vya kutokea mlangoni. Alikuwa amevivua kama anaingia msikitini. Mkewe alikuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. Jirani alisimama kati ya magitaa, amekonda, ndevu nyeupe, akizungumza na kijana wa duka kwa sauti ya kuhutubia uwanja.

"SHIKAMOO, MZEE!" nilipaza.

"Marahaba! Usipige kelele, mimi si kiziwi," alisema, na duka zima likacheka, yeye akiwa hajui kwa nini. Alinitambua kwa macho kwanza, halafu uso wote ukafunguka. "Jirani! Huyu hapa! Huyu alilikataa gitaa langu!" alimtangazia kijana, kama anayetaja heshima kubwa.

Mkewe akaninong'oneza kwamba hasikii ila mngurumo. Ameacha kukodisha viti. Lakini kwenda Muleba hajaacha.

"Mwenzangu anasema sisikii anapopiga," Jirani aliniambia. "Nimemwambia hata nilipokuwa nasikia, sikuwahi kumsikiliza."

Nikamwuliza kwa ishara, anatafuta nini hapa? Lile la zamani lina kasoro gani?

"Lile lilikuwa la masikio," alisema. "Nimewaachia wajukuu wa mwenzangu wajifunzie. Mimi natafuta la mifupa."

Sikuelewa. Akaninyooshea gitaa jipya, jeusi, bado limo kwenye nailoni. Kijana wa duka akalitoa nailoni, akalichomeka. Nikakaa kwenye kiti, nikaliweka mapajani, nikamtazama aniambie nipige nini. Hakuniambia. Mkewe alimshika kiwiko, naye akashuka taratibu mpaka akapiga goti moja sakafuni mbele yangu, mzee yule, katika kanzu safi, na akalaza shavu lake juu ya mwili wa gitaa, mfupa wa taya juu ya mbao, karibu kabisa na mkono wangu.

Nilianza na wimbo wa matoleo, kwa sababu ndio ulionijia. Nilipiga polepole, nikiogopa. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Kwa muda hakuna kilichotokea, nikadhani mbao haikumwambia kitu, nikakaribia kuacha. Ndipo mkewe aliponigusa bega na kunionyesha chini.

Mguu wake, ule ambao goti lake halikugusa sakafu, ulikuwa umeanza kugonga, kidole gumba kwanza, kisha unyayo mzima. Haukuchelewa, haukukimbia. Nikakaza mwendo kidogo, nao ukaja nami. Nikaingia kwenye solo.